Urithi Haufundishiki kwa Chaki Peke Yake

Ukiuliza kwa nini shule zetu za sekondari hazifanyi mazoezi ya maabara katika vinasaba na bayoteknolojia, jibu liko tayari mdomoni mwa kila mtu: hayo ni mambo ya chuo kikuu. Mashine ni ghali, dawa zake zinataka jokofu lisilozimika, na kuna shule ambazo bado zinahangaikia maji ya bomba. Mtoto apewe nadharia kwanza, vitendo atavikuta mbele ya safari. Sehemu moja ya jibu hili ni kweli kabisa. Mashine ya kunakili DNA haina haraka ya kufika kidato cha nne. Ninachokikataa ni dhana iliyo chini yake, kwamba nadharia humpa mwanafunzi nusu ya elimu iliyo sahihi, na nusu iliyobaki itafuata. Katika somo la urithi, nadharia isiyopitia mikononi humwachia mwanafunzi kosa, na kosa hilo huenda nalo hadi kwenye ndoa yake.

Tazama linavyoanza. Mwalimu anachora mraba wa Punnett ubaoni. Baba ni AS, mama ni AS, wote wazima, wote wamebeba jeni ya selimundu. Vyumba vinne vinajazwa: AA, AS, AS, SS. Mwalimu anaandika "robo", wanafunzi wananakili, kengele inalia. Kila kilichoandikwa ni sahihi. Lakini macho ya mwanafunzi yameona vyumba vinne, na akili yake imehifadhi watoto wanne, mmoja wao mgonjwa. Miaka kumi baadaye, mtu huyo akiwa na mtoto wa kwanza mwenye selimundu, atajiambia kwamba zamu yake imekwisha na watatu wanaofuata watakuwa salama. Robo ile, kumbe, inaanza upya kwa kila mimba.

Hili si jambo dogo kwetu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni takriban watoto 11,000 kila mwaka. Ukanda wetu umeibeba jeni hii kwa sababu ya malaria. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mtu mwenye AS ana kinga fulani dhidi ya ugonjwa huo, na ushahidi wake aliukusanya hapahapa Afrika Mashariki.

Sasa chukua makopo mawili, moja la baba na moja la mama. Kila kopo tia maharage mekundu na meupe kwa idadi sawa. Jekundu ni A, jeupe ni S. Mwanafunzi anachomoa punje moja kila kopo bila kuchungulia, anaandika alichopata, anarudisha, anatikisa, anarudia mpaka apate watoto wanne. Katika darasa la wanafunzi 80 zitapatikana familia 80. Kwa hesabu, familia kama 25 hazitakuwa na mgonjwa hata mmoja. Familia kama 34 zitakuwa na mmoja, na kama 21 zitakuwa na wawili au zaidi. Yaani familia inayofanana na mraba wa ubaoni haifiki hata nusu ya darasa. Ila ukijumlisha watoto wote 320, wagonjwa watakaribia 80, na robo itajitokeza pale ilipokuwa imejificha. Mwanafunzi aliyechomoa SS mara tatu mfululizo hatasahau.

Zoezi hili linajibu pia hoja ya msongamano, inayotajwa kila mara kama kikwazo. Kweli, wanafunzi 80 kwenye hadubini mbili ni adha tupu. Lakini urithi ni sayansi ya kuhesabu, na wahesabuji wakiwa wengi ukweli huonekana vizuri zaidi. Gregor Mendel mwenyewe, katika njegere zake za Brno, alikuta mmea mmoja umetoa mbegu 19 za mviringo na 10 zenye mikunjo, na mwingine 28 kwa 6. Hakuna kati ya hiyo unaofanana na tatu kwa moja. Alipojumlisha mimea 253 alipata 5,474 kwa 1,850, na hapo uwiano ukatulia. Vitabu vyetu huchapa jumla hiyo tu na kuacha mimea iliyokwenda kombo, wakati somo lenyewe limo humo.

Nasikia pingamizi: haya ni maharage, maabara yako wapi? Basi twende kwenye ndizi. Ponda nusu ya ndizi mbivu, ongeza maji yenye chumvi na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, koroga polepole, chuja kwa kitambaa safi. Kisha mimina juu yake, taratibu sana, spiriti iliyolazwa kwenye barafu. Sabuni imeyeyusha kuta za mafuta zinazozunguka seli na kiini chake. Chumvi imepunguza chaji zinazozifanya nyuzi za DNA zisukumane. Na DNA haiyeyuki ndani ya spiriti. Mahali vimiminika viwili vinapokutana, utando mweupe wenye nyuzinyuzi unaanza kupanda.

Walimu wengi wakifika hapo husema, "Hii ndiyo DNA," darasa likapiga makofi. Mimi ningetaka mwalimu aulize: umejuaje? Ndizi ina pektini nyingi, nayo pia huganda ndani ya spiriti. Ule utando ni mchanganyiko. Mwanafunzi akitayarisha chupa ya pili isiyo na ndizi, na ya tatu isiyo na sabuni, akalinganisha zote, ameanza kufanya kazi ya maabara. Swali hilo moja lina thamani kuliko mashine ambayo mwanafunzi anaruhusiwa kuitazama tu ikifunguliwa na mgeni rasmi.

Hatua inayofuata haihitaji pesa nyingi. Kisanduku cha plastiki, agari iliyoganda kama jeli, maji yenye magadi kidogo, betri tano za volti 9 zilizounganishwa mfululizo, na rangi za chakula. Umeme ukipita, rangi huanza kutambaa na kuachana, molekuli ndogo zikitangulia. Kwa kanuni ya aina hiyohiyo, ya kutenganisha molekuli kwa umeme, Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba himoglobini ya mgonjwa wa selimundu ni tofauti na ya mtu asiye na ugonjwa huo. Hospitali bado zinaitumia kupima ugonjwa huo.

Jambo moja nalisisitiza kwa ukali: damu ya mwanafunzi isiguswe. Asitokee mwalimu wa kupima hali ya selimundu ya darasa zima ili somo linoge. Matokeo hayo yanaweza kumtangaza mtoto mbele ya wenzake, na yanaweza hata kufichua kwamba baba anayemjua siye aliyemzaa. Tanzania imekuwa na sheria ya kusimamia vinasaba vya binadamu tangu 2009, na sababu zake zinastahili kufundishwa katika somo hilohilo.

Wengine husema elimu hii ni ya wachache watakaokuwa madaktari. Kwa miaka mingi baiolojia imekuwa somo la lazima mpaka kidato cha nne, hata kwa waliokwisha kuacha fizikia na kemia. Wengi wao hawatalisoma tena, lakini ndio watakaopeleka kesi za malezi zinazoamuliwa kwa vipimo vya Mkemia Mkuu wa Serikali. Ndio watakaobishana kuhusu mazao yaliyobadilishwa vinasaba, ambayo Tanzania iliamuru majaribio yake yasimamishwe mwaka 2018, na Kenya ikaondoa marufuku yake ya miaka kumi mwaka 2022. Sitaki maabara iwaambie wawe upande gani. Nataka mtu akisikia "imethibitika maabara" ajue kuuliza ililinganishwa na nini, na mara ngapi.

Majengo tunayo, angalau kwa sehemu. Mwaka 2014 wananchi walichangishwa nchi nzima ili kila shule ya kata iwe na maabara tatu. Kinachoamua kazi itakayofanyika humo ni mtihani, na walimu hawana kosa kuufuata, maana ndio wanaopimwa nao. Mtihani wa vitendo wa baiolojia umezoea kuuliza vipimo vya wanga, sukari, protini na mafuta, pamoja na kutambua vielelezo. Swali moja likimpa mtahiniwa hindi lenye punje za njano na za zambarau, likamtaka azihesabu, kisha aeleze kama hesabu yake inakubaliana na tatu kwa moja na ana uhakika kiasi gani, walimu wataanza kutafuta mbegu hizo muhula huohuo.