Ushauri Uliosikiwa Usifuatwe

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 23 Julai 1967, polisi wa Detroit, Marekani, walivamia kilabu cha pombe kisicho na leseni katika Mtaa wa 12, wakitaraji kukamata watu wachache, wakakuta zaidi ya 80 waliokusanyika kuwalaki vijana wawili weusi waliorejea kutoka vita vya Vietnam. Wakawatia mbaroni wote. Majirani waliotoka kutazama wakashikwa na ghadhabu, ghasia na moto vikazuka, na hata moto ulipozimika, baada ya wanajeshi wa miavuli kuletwa mjini, watu 43 walikuwa wamekufa, 33 kati yao weusi.

Rais Lyndon Johnson aliunda tume ya kuchunguza ghasia za mwaka huo, chini ya Otto Kerner, gavana wa Illinois. Walikuwapo waliotamani igundue njama, kwa maana njama ni faraja kubwa kwa mtawala: ikiwa mgeni wa siri ndiye aliyewasha moto, basi nyumba iliyoungua haikuwa na ila. Wajumbe walikuwa 11, weusi wawili tu, na hapana hata mmoja aliyejulikana kwa uasi; lakini watu hao wa makamo, waungwana wa siasa na biashara, walitamka Machi 1968 kwamba njama haikuwapo, na kwamba asili ya fitina ni ubaguzi wa weupe, uliowafungia weusi katika mitaa ya ufukara wasikopata kazi, maskani wala skuli njema, ambako polisi, machoni pa wengi, alikuwa sura ya dhuluma yenyewe.

Sisemi kwamba mwenye duka hastahili kulindwa. Wakati mwingine aliyeunguliwa alikuwa jirani wa aliyechoma. Ila tume iliomba kazi, nyumba na elimu kwa wingi, na fauka ya hayo ikaonya dhidi ya kuwapa polisi bunduki za rashasha na vifaru. Ripoti ikanunuliwa kama riwaya, nakala malaki, naye Johnson, aliyeiagiza, akaipa kisogo. Haukupita muda, Martin Luther King akauawa, tarehe 4 Aprili, miji zaidi ya 100 ikafanya ghasia; na Juni ikapitishwa sheria ya kumimina fedha za serikali kuu katika idara za polisi. Hapo hazina haikuwa tupu.

Mwanachuoni Kenneth Clark, alipoitwa mbele ya tume hiyo, alieleza kwamba aliposoma ripoti ya ghasia za Chicago za 1919 ilikuwa kana kwamba anasoma zile za Harlem za 1935 na 1943, na ya Watts ya 1965: uchambuzi ule ule, mapendekezo yale yale, na uzembe ule ule. Tume haikukasirika. Iliyatia maneno yake katika hitimisho la ripoti yake yenyewe.