Saa saba mchana hata nyasi hazitaki maji, mbona wewe uwe juani?

Kama umewahi kupita Mombasa Road saa saba mchana mwezi Februari, umemwona huyu jamaa. Ovaroli nzito, gambuti, mashine ya kukata nyasi begani. Jua linamchoma kutoka juu, lami na kabro zinampika kutoka chini. Wewe uko kwa matatu unalia joto na dirisha liko wazi. Yeye amebakisha saa nne.

Kuanzia Januari hadi Machi, kila joto linapopanda, tunaambiwa tunywe maji mengi na tukae kivulini. Ushauri poa. Shida ni kwamba kwa mtu wa kandarasi ya bustani, kivuli hakiko kwenye mkataba.

Na usidhani boss wake ni tajiri fulani mwenye kitambi. Mara nyingi ni kijana kama wewe: mashine mbili, vibarua wanne na simu. Tenda aliipata kwa bei ya chini. Mkataba unasema saa mbili hadi saa kumi na moja, nyasi zikatwe kila wiki. Akiwapumzisha watu wake saa saba, meneja wa jengo anapiga picha na kumtumia WhatsApp: "Watu wako wamelala." Kesho yake kila mtu yuko juani.

Ndiyo maana nasema joto si suala la chupa ya maji. Ni suala la mkataba.

Usiniambie haiwezekani. Qatar, ambako Wakenya kibao wameenda kusaka riziki, tangu 2021 ni marufuku kufanya kazi juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa unusu alasiri, Juni 1 hadi Septemba 15. Sisemi kule ni peponi, na joto lao ni kali kuliko letu. Lakini saa imeandikwa. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri alinde afya ya mfanyakazi, ila haikutajii saa ya kumtoa juani. Hilo pengo unalijaza wewe mwenye biashara.

Sasa utamwambia nini mteja? Mwambie kuhusu nyasi zake. Ukimwagilia saa saba, maji mengi yanapotea hewani kabla mizizi haijayaonja, na hapa Nairobi maji ni ya mgao au ya lori. Ukizikata fupi kiangazi, udongo unabaki uchi na zinageuka kahawia haraka. Tena wakati wa ukame nyasi hukua polepole, kwa hivyo kukata kila wiki ni kuchoma petroli bure. Saa mbaya kwa mtu ni saa mbaya kwa bustani pia.

Kwa hivyo andika ratiba ya kiangazi. Anza saa kumi na mbili asubuhi, maliza saa sita. Alfajiri fanyeni kazi zisizo na kelele: kumwagilia, kupalilia, kupogoa kwa mkono. Mashine ingurume saa mbili, wapangaji wakiwa wameamka. Kateni kila baada ya wiki mbili, mkiinua kisu. Muda unaobaki, wekeni matandazo kwenye maua ili udongo ushike maji. Usigawanye siku mara mbili, asubuhi na jioni. Msee anayetoka Githurai hadi Karen hawezi kulipa nauli mara mbili.

Halafu hapa ndipo wengi huteleza: mlipe siku nzima. Ukimkata hela kwa sababu ametoka saa sita, ataomba abaki juani, na hutamlaumu. Ana kodi ya nyumba.

Mgeni kazini mwanzishe polepole. Mwili huchukua siku kadhaa kuzoea joto, na wanaoanguka mara nyingi ni wale wa siku za kwanza. Maji ni kikombe kila dakika 15 hadi 20, kiu isingojewe. Mombasa ongeza tahadhari, maana hewa ya unyevu haikaushi jasho, na jasho lisipokauka halikupoozi. Mtu akianza kuongea ovyo, kuyumba au kuzimia, huyo si mvivu. Mpeleke kivulini, mmwagie maji, umpepee, na mtafute msaada wa hospitali hapo hapo.

Mteja akikataa yote haya? Mpigie hesabu. Shirika la Afya Duniani na lile la Hali ya Hewa yalisema mwaka 2025 kwamba tija ya mfanyakazi hushuka kwa asilimia 2 hadi 3 kwa kila digrii juu ya 20, kwa kipimo kinachojumlisha joto, unyevu na jua. Yaani zile saa za mchana anazolipia, anapata kazi pungufu.

Kwa hivyo kotesheni yako ijayo iwe na mstari huu: "Januari hadi Machi, kazi ni saa kumi na mbili asubuhi hadi saa sita mchana, malipo ni yaleyale." Labda utapoteza tenda moja. Lakini kama sisi wote wenye mashine mbilimbili tutauandika, meneja atampata wapi wa kumkatia nyasi saa saba?