Mashine ya gemu ni chambo, malipo ya mwezi ndiyo ndoano

KWA muda mrefu nimekuwa nikijiuliza iwapo sisi wananchi wa kawaida, na hasa ndugu zetu wanaofanya biashara ya kuvuka mipaka, tunajua tunachonunua pale tunapotoa fedha zetu kwa ajili ya mashine ya gemu. Nililichukulia swali hilo kama mazoezi ya darasani tu, kwa kuwa nafundisha somo la ujasiriamali, hadi jioni moja mama mmoja, mzazi wa kijana niliyepata kumfundisha, aliponisimamisha karibu na kituo cha mabasi cha Nyabugogo. Mkononi alikuwa na mashine ya gemu ameifunga kwa kitenge.

“Mwalimu,” aliniambia kwa Kiswahili chake cha Bukavu, “hii mashine iko inaniomba feza tena, na mimi nilishalipa.”

Mama huyu ni mmoja wetu, yaani sisi tuliorudi. Yeye alikulia Kongo. Mimi nilisoma Karagwe, Tanzania, darasa la kwanza hadi kidato cha nne, kabla ya kurudi nyumbani. Kwa miaka mingi amekuwa akipitisha bidhaa Gatuna. Mpaka ule ulipofungwa Februari 2019 alikaa bila kazi, na ulipofunguliwa tena mwishoni mwa Januari 2022 alianza upya kwa mtaji mdogo. Akaweka akiba kidogo kidogo. Akiba hiyo ndiyo aliyoitoa kununua mashine ya gemu ya mtumba ili kijana wake, aliyemaliza sekondari na kukosa ajira, afungue kibanda cha kuchezesha watoto wa mtaa.

Muuzaji alimwashia mashine mbele ya macho yake. Gemu zilikuwa nyingi, zimejipanga kwenye kioo kama soda kwenye friji ya duka. Bei ilikuwa chini kuliko ya mashine nyingine pale pale. Akalipa. Kibanda kikafunguliwa, watoto wakaja. Baada ya wiki chache gemu zote zikafungwa kwa mkupuo, na kioo kikatoa maandishi ya Kiingereza. Nilimsomea: malipo ya mwezi yamekwisha, tafadhali lipia upya. Tulipochunguza tukagundua mambo mawili zaidi. Mashine haikuwa na mahali pa kuingiza diski, na akaunti iliyokuwa ndani yake ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, wa nchi nyingine. Simu ya muuzaji haikupokelewa tena.

Ndugu msomaji, wapo watakaosema mama huyu alitapeliwa na basi. Sikubaliani nao moja kwa moja. Muuzaji alimficha ukweli, hilo halina ubishi. Lakini hata muuzaji mwaminifu angemuuzia mashine ile ile, na malipo ya mwezi yangekuja vile vile. Tatizo liko katika namna biashara yenyewe ilivyopangwa tangu huko inakotoka, na ndiyo maana nimeona niandike.

Kampuni zinazounda mashine hizi hazitegemei sana faida ya mashine. Mwaka 2006 Sony ilipotoa PlayStation 3, toleo lake kubwa liliuzwa dola 599 nchini Marekani. Kampuni ya uchambuzi ya iSuppli iliifungua na kukadiria kwamba vifaa na gharama za kuiunda vilizidi dola 800. Mei 2021, katika kesi ya Epic na Apple huko California, ofisa wa Microsoft aliulizwa mahakamani kuhusu mashine za Xbox, akajibu kwamba kampuni yake haijawahi kupata faida kwa kuuza mashine yenyewe.

Je, ni wafadhili hawa? La hasha. Faida wanaipata baadaye: katika kila gemu linalouzwa kwenye duka lao la mtandaoni wanachukua sehemu yao, ambayo kwa kawaida ni asilimia 30, na juu yake yapo malipo ya kila mwezi. Sisi wa Nyabugogo tunaufahamu mtindo huu kwa jina jingine. King'amuzi cha televisheni huuzwa kwa bei ya kutupa, wakati mwingine na dishi juu yake, kisha kila mwisho wa mwezi unakumbushwa kwamba picha si mali yako. Mashine ya gemu ni king'amuzi chenye pedi.

Zamani mpango huu ulimfaa mtu mwenye subira. PlayStation 2 ilipoingia Marekani Oktoba 2000 iliuzwa dola 299. Mei 2002 ikashuka hadi dola 199, na Aprili 2009 ikawa dola 99. Ziliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na nyingi za mtumba zikatufikia sisi kupitia Dubai, Kariakoo na Kampala. Mfanyabiashara wetu alijua kwamba akisubiri, bei itashuka. Tukumbuke pia, bila kujificha, kwamba vibanda vingi vya wakati ule viliendeshwa kwa diski za kunakili. Sitetei wizi huo, lakini ndio uliotuzoesha kuamini kwamba ukishakuwa na mashine, mengine yote ni bure.

Hesabu hiyo ya kusubiri imegeuka. PlayStation 5 ilitoka Novemba 2020 kwa dola 499. Agosti 2025 bei yake Marekani ilipandishwa hadi dola 549.99. Xbox Series S ilianza mwaka 2020 kwa dola 299. Oktoba 2025 ilikuwa imefika dola 399.99. Kwa hiyo anayesubiri siku hizi anaweza kukuta bei imempita.

Malipo ya mwezi yamekwenda mbio zaidi. Huduma ya Game Pass ya Microsoft ilianza mwaka 2017 kwa dola 9.99 kwa mwezi. Daraja lake la juu, linaloitwa Ultimate, lilianza mwaka 2019 kwa dola 14.99. Likapanda hadi 16.99 mwaka 2023, 19.99 mwaka 2024, na Oktoba 2025 likafika 29.99. Wanafunzi wangu niliwapa hesabu hiyo ubaoni: 29.99 mara 12 ni dola 359.88. Yaani kwa bei hiyo malipo ya mwaka mmoja yalizidi bei ambayo Xbox Series S yenyewe ilianza nayo sokoni. Darasa zima lilinyamaza, kisha mmoja akauliza, “Mwalimu, sasa anayenunua mashine amenunua nini?”

Hilo ndilo swali. Jibu langu ni kwamba amenunua mlango, na ufunguo amepangishiwa.

Lazima niwe mwadilifu. Malipo ya mwezi si dhambi. Gemu jipya la PlayStation 5 linaweza kufika dola 70. Kijana wa Ulaya mwenye intaneti ya kasi, anayebadilisha gemu kila wiki, anaweza kuona unafuu mkubwa katika huduma hizi. Lakini kibanda cha Nyabugogo kinachezesha nini? Mpira. Asubuhi mpira, jioni mpira. Mteja analipa sarafu yake kwa mechi moja, akifungwa anatoka, mwingine anakaa. Kwa biashara kama hiyo, diski moja ya gemu la mpira inatosha msimu mzima, na anayevumilia diski ya mwaka uliopita huipata kwa bei ndogo zaidi. Kumlipia kijana wa kibanda gemu mamia ili achezeshe moja ni sawa na kukodi basi zima kwa safari ya mtu mmoja kwenda Rusumo.

Tena diski ina sifa ambayo wafanyabiashara wa mpakani wanaithamini kuliko wote: inauzika tena. Inaazimwa, inabadilishwa, inawekwa dhamana. Gemu lililonunuliwa mtandaoni haliuziki, na la kulipia kwa mwezi halirithiwi. Ndiyo sababu mashine isiyo na mahali pa diski huuzwa kwa bei ya chini. PlayStation 5 ya namna hiyo ilitoka mwaka 2020 kwa dola 399, pungufu ya dola 100 kwa ile yenye diski. Punguzo hilo wengi wanaliita zawadi. Mimi naliona kama malipo wanayokupa ili usiende duka jingine maisha yako yote.

Upo na upande wa pili, nao unatugusa sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Huduma hizi hazikupangwa kwa kutuangalia. Mei 2024 Sony ilitaka wachezaji wa gemu la Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya mtandao wake wa PlayStation. Ndani ya siku chache gemu hilo likaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170, kwa sababu mtandao huo haukuwa unatolewa rasmi huko. Wachezaji walipiga kelele na Sony ikarudi nyuma katika sharti lile la akaunti. Lakini somo likabaki: kwenye daftari la kampuni, sehemu kubwa ya Afrika haikuwapo. Vijana wetu hujiandikisha wakidai wanaishi Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, na hulipa kwa kadi za kununua mkononi. Akaunti ya namna hiyo ikipata hitilafu, utamlalamikia nani? Umeshasema unaishi London. Isitoshe, kwa kawaida masharti yake ni ya matumizi ya nyumbani, si ya kibanda cha biashara.

Kwa ndugu zangu wa mpakani naongeza neno la forodha. Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa wamenunua Kampala au Kariakoo, mzigo utapita kwa utaratibu rahisi wa Jumuiya. Utaratibu huo unahusu bidhaa zenye asili ya nchi wanachama, zisizozidi thamani ya dola 2,000. Mashine iliyoundwa China haipati asili ya Uganda kwa kulala usiku mmoja Kampala. Ushuru na kodi ya ongezeko la thamani viingizwe kwenye hesabu kabla ya safari, si baada ya kusimamishwa.

Sasa tufanye nini? Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Napendekeza kila anayenunua mashine, awe mzazi au mchuuzi, aulize maswali manne na kuandika majibu. Je, ina mahali pa diski? Akaunti iliyomo ni ya nani, na itafutwa mbele yangu? Gemu ninazoziona zimenunuliwa, au zimelipiwa kwa mwezi? Na nikijumlisha mashine, malipo, intaneti na umeme kwa miezi 12, jumla ni kiasi gani? Muuzaji anayekasirika kwa maswali hayo amekwisha kujibu.

Wauzaji nao wa Nyabugogo wasidhani nawapiga vita. Nawaomba waandike kwenye karatasi ya mauzo kama mashine ina diski au haina. Mteja aliyeambiwa ukweli hurudi kununua pedi, kebo na diski. Aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia hurudi na polisi, au harudi kabisa. Na vyombo vinavyosimamia haki za walaji viliangalie jambo hili kabla halijawa kilio cha wengi.

Kwa kampuni zenyewe nina ujumbe mfupi, kama utawafikia. Kampuni za simu ziliujua ukanda wetu mapema: zikauza muda wa maongezi kwa kiasi kidogo kidogo, kwa siku na kwa wiki, na zikapokea malipo kwa simu. Mtu wetu anaishi kwa kipato cha siku. Kibanda cha gemu cha mtaani kilikwisha kuligundua hilo kwa kuuza mechi moja moja. Januari 2024 mfuko wa uwekezaji wa Sony ulitangaza kuweka fedha katika Carry1st, kampuni ya Afrika Kusini inayouza gemu kwa njia za malipo za Kiafrika. Hiyo ni dalili njema. Lakini hadi tutakapoandikwa kwenye daftari kwa majina yetu na nchi zetu, tusikimbilie kulipa kila mwezi kama watu wa London.

Mama yule aliuza mashine yake mwezi uliofuata. Nilikuwapo. Mnunuzi hakujua lolote, na angeweza kumwashia tu na kunyamaza kama alivyofanyiwa yeye. Badala yake alimweleza kila kitu: haina diski, akaunti si yangu, utalipa kila mwezi. Mnunuzi akashusha bei, naye akapokea hiyo hiyo, akapoteza zaidi ya nusu ya alichotoa. Nilipomuuliza kwa nini, alisema hawezi kumfanyia mtoto wa mwenzake.

Kijana wake sasa anachezesha mpira kwa mashine ya zamani ya diski aliyoikodi. Faida ni ndogo, lakini jioni akihesabu sarafu zake anajua zote ni zake. Nilimpa daftari la mazoezi lenye mistari, na ameanza kuandika.