Baiskeli zishuke hadi Mkumbara

Mwendesha baiskeli anayeuliza wapi pa kwenda wikendi mkoani Tanga huelekezwa sehemu mbili. Kuna njia ya pwani, kutoka Tanga mjini hadi Pangani, kama kilomita 50 za minazi na mkonge, ambako anaweza kusimama kwenye magofu ya Tongoni akaona msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo. Na kuna Lushoto, ambako vijana waongoza watalii wamezoea kumpandisha mgeni Magamba, kisha kumpeleka hadi Mtae kwenye ukingo wa milima ya Usambara. Mkumbara, kijiji cha Korogwe kilicho chini ya ukingo huohuo, hakimo katika orodha ya mtu yeyote. Kinastahili kuwemo.

Historia ya njia iko upande wake. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Pangani ilifuata bonde la mto Pangani hadi Kilimanjaro, ikipita Mazinde, jirani kabisa na Mkumbara. Semboja, mwana wa mfalme wa Wasambaa Kimweri ye Nyumbai, alishuka kutoka milimani akaweka makao yake hapo Mazinde kwa sababu biashara ilikuwa huku chini, barabarani. Kisha ikaja reli ya Wajerumani: ilianza Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905, ikapita Mkumbara na kufika Moshi mwaka 1911. Mkonge nao ulianzia pwani hiyohiyo, Kikogwe karibu na Pangani, kwa miche 62 ya Richard Hindorf iliyonusurika safari ya meli mwaka 1893, ukasambaa bondeni pamoja na reli.

Lakini kilichoipa Mkumbara sifa ya pekee ni waya. Miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kampuni ya Wilkins & Wiese ilikuwa ikikata mitarakwa katika msitu wa Shume, juu kabisa, mahali Wajerumani walipopaita Neu-Hornow. Barabara ya kuteremshia mbao zile haikuwepo. Kampuni ya Bleichert ya Leipzig ikajenga njia ya kamba za chuma ya karibu kilomita 9, iliyoning'inia juu ya makorongo na kushuka zaidi ya kilomita moja kwa kimo hadi stesheni ya Mkumbara. Mbao zilipakiwa kwenye treni, zikaenda bandarini Tanga, na kutoka hapo Ulaya.

Pembe za ndovu, mkonge, mbao: kwa miaka mingi njia za Mkumbara zilikuwa za kutolea mali. Njia ya baiskeli ingemleta mtu mwenye njaa, kiu na pesa mfukoni, na pesa hiyo ingebaki kijijini.

Mandhari yenyewe haihitaji kupigiwa debe. Shume iko zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi kuna ukungu, kabichi na karoti zimejaa mashambani, na watu wamevaa masweta. Mkumbara haifiki mita 500. Milima imeizuia mvua upande huu, kwa hiyo anayeshuka huacha msitu wa baridi na kukuta migunga, mibuyu na joto la kukausha koo, yote katika nusu siku. Pwani ni nzuri, lakini haina mteremko wa namna hiyo.

Ugumu upo, na usifichwe. Njia za miguu zinazoshuka ukingoni zina mawe, na masika huzichimba makorongo. Barabara kuu ya Segera kwenda Moshi si mahali pa baiskeli, maana mabasi na malori hayampishi mtu. Njia za bondeni zitafutwe ndani ya mashamba ya mkonge na pembezoni mwa reli, kwa ruhusa ya wenyewe. Halafu kuna mbigili. Mgeni mwenye baiskeli ya gia ishirini na kitu atapata pancha kama mwenye Phoenix isiyo na gia, na wote wawili watakaa chini ya mti uleule kumsubiri fundi achovye tyubu kwenye beseni, aangalie povu linatokea wapi, akwangue kwa msasa, apake solusheni na kubandika kiraka. Fundi huyo tayari yupo karibu kila senta ya tambarare hii. Ni mtaji ambao hakuna mradi uliougharamia, na mpango wowote ungeanza na yeye, kwa vipuri na zana bora, kabla ya kufikiria hoteli.

Mifano ya kuiga ipo. Rwanda ina Congo Nile Trail, kilomita 227 kandoni mwa Ziwa Kivu, na waendesha baiskeli huipita kwa siku kadhaa wakilala na kula kwa wenyeji. Hispania ilianza mwaka 1993 kugeuza reli zilizokufa kuwa njia za baiskeli na sasa ina zaidi ya kilomita 3,000. Hapa reli haijafa: treni ya abiria ya Dar es Salaam ilirudi Moshi mwishoni mwa 2019 na Arusha mwaka 2020, nayo inapita Mkumbara. Shirika la Reli Tanzania (TRC) likitenga nafasi ya baiskeli kwenye behewa la mizigo, safari ya wikendi inakuwa rahisi kuipanga.

Kilichobaki ni mpaka. Juu ni Lushoto, chini ni Korogwe, na msitu wa hifadhi ya Magamba uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Leo mgeni akilipia safari yake Lushoto, Korogwe haimuoni. Halmashauri hizo mbili zikae na TFS pamoja na serikali za vijiji vya Shume na Mkumbara, ziamue njia ipi ifunguliwe, kijiji kipate sehemu gani ya ada, na nani alipwe kufukia makorongo kila masika yakiisha.