Sampuli za Garissa zisiachwe nje ya utafiti wa saratani

Msomaji, katika Garissa na maeneo jirani, saratani ya umio, yaani njia ya kupitishia chakula hadi tumboni, ni miongoni mwa saratani zinazosumbua watu wengi. Mgonjwa huanza kwa kukwamwa na nyama, kisha uji, na mwishowe hata maji hayapiti. Wako wanaosema ni laana. Sayansi ina maelezo mengine, na inafaa uyajue.

Mwili wako una jeni zipatazo 20,000 za kutengenezea protini. Nyingi kati ya jeni hizo zimegawanyika vipande. Seli hutoa nakala ya jeni, huondoa vipande fulani na kuunganisha vinavyobaki. Jambo hili liligunduliwa mwaka wa 1977, na Phillip Sharp na Richard Roberts wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1993.

Mfikirie mama mfugaji anayeshusha miti ya nyumba mgongoni mwa ngamia. Akitaka nyumba kubwa huunganisha mingi. Akitaka ndogo, mingine huiacha. Vivyo hivyo, jeni moja huweza kutoa protini kadhaa.

Mtoto akiwa tumboni, seli zake huunganisha jeni iitwayo PKM kwa namna inayofaa ukuaji wa haraka. Anapokomaa, misuli na ubongo hubadili mtindo. Seli nyingi za saratani hutumia kwa wingi ule mtindo wa awali. Jeni ya BCL-X nayo ina mitindo miwili: mmoja huilinda seli, mwingine huiamuru ife. Uvimbe mwingi hupendelea ule wa kulinda.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021 ulichunguza saratani ya umio kwa watu 552 wa nchi nane, Kenya, Tanzania na Malawi zikiwemo. Haukupata alama ya wazi katika jeni inayoeleza kwa nini sehemu fulani huathirika zaidi. Kwa maoni yangu, ni lazima sasa tuchunguze pia jinsi vipande vinavyounganishwa, na katika wagonjwa wa Kaskazini Mashariki wenyewe.

Garissa ina kituo chake cha saratani cha kanda. Zamani tiba ya mionzi ilimaanisha safari ya Nairobi. Kituo hicho kisiishie kwenye mionzi. Kipewe vifaa vya kuhifadhi sampuli kwa utafiti, kwa idhini ya mgonjwa. Dawa zikitengenezwa kwa sampuli za wengine pekee, tutajuaje kama zitatufaa?

Nawe msomaji una wajibu. Chakula kikianza kukukwama, usingoje: nenda hospitali. Daktari akitaka kukata kipande kidogo cha nyama ili kipimwe, usikatae; bila kipimo hicho ugonjwa hauwezi kuthibitishwa. Na chai iache ipoe kidogo. Mwaka wa 2016 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kuwa vinywaji vya joto linalozidi nyuzi 65 huenda husababisha saratani hii.