Siku Tatu za Edinburgh

Watoto wetu wenye kipato siku hizi hupanga likizo fupi za Ulaya: siku tatu katika mji mmoja, kisha kazini. Sina ugomvi na safari. Ugomvi wangu ni na sababu inayotolewa. Mjukuu wangu, mzaliwa wa Bunda, amenionyesha mpango wake wa kwenda Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, "kwa kuwa ndiko Mwalimu alikosoma". Siku ya kwanza ngome. Ya pili ile barabara ya kale iteremkayo hadi kasri la Holyrood. Ya tatu maduka. Chuo Kikuu chenyewe, alikosoma Mwalimu Nyerere tangu 1949 hadi 1952, hakimo! Na Butiama hajafika, ingawa basi la Musoma alilopanda tangu utotoni hupita Makutano, penye njiapanda ya kwenda huko.

Nilipomwuliza alinipa jibu ambalo nimelisikia kwa wengi: "Babu, Butiama kuna nini? Makaburi na mawe."

Je, Edinburgh kuna nini? Ngome ile imekaa juu ya mwamba wa volkano iliyozimika, na watalii huzurura kutwa katika makaburi ya Greyfriars. Tofauti ni kwamba Waskoti huyasimulia mawe yao, nasi tunayafuata kwa nauli ya ndege. Huku kwetu kuna kaburi la Mwalimu pale Mwitongo, kuna makumbusho, na Musoma mjini ipo Shule ya Mwisenge alikoanza masomo 1934. Tunapita tukitazama upande wa pili.

Aliyekwenda Edinburgh alikuwa mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, tena mwalimu aliyekwisha kufundisha Tabora. Alisoma historia, uchumi na falsafa, akarudi, na mwaka 1954 ikazaliwa TANU. Asiyejua alikotoka mtu huyo atajuaje mji ule ulimwongezea nini? Atapigwa picha mbele ya ukuta, basi.

Isitoshe, mpango wenyewe ni wa Desemba. Mwezi huo jua la Edinburgh huzama kabla ya saa 10 jioni, hivyo siku tatu zake ni kama siku moja na nusu. Aende Juni. Desemba aje Butiama. Nauli kutoka Bunda nitalipa mimi.