Ukurasa wa Nyumbani: Sufuria Moja ya Mwanafunzi

Mpwa wangu asomaye chuoni Dar es Salaam alirudi likizo iliyopita amekonda hata mama yake akadhani yu mgonjwa. Tulipomhoji alisema kweli. Fedha ya mkopo, ambayo wenyewe huiita bumu, iingiapo hula chipsi mayai mchana na jioni. Ikiisha, hushinda kwa chai na andazi. Katika mtihani mmoja alisinzia juu ya karatasi. Si mvivu mtoto yule, wala fedha aliyopata haikuwa ndogo mno. Hakufundishwa kupika, na kosa hilo ni letu sisi wazee wake.

Wako vijana wa kiume waonao haya kushika mwiko. Haya hiyo haina asili katika dini yetu, kwani Bibi Aisha (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alipokuwa nyumbani alikuwa akiwahudumia watu wake. Basi nilimwita mpwa wangu jikoni, nikamfunza kwa sufuria moja, bakuli moja na jiko dogo la gesi, kwa kuwa ndivyo alivyo navyo. Jiko la makaa nilimkataza kabisa kuliwasha chumbani, hata siku ya mvua. Moshi waonekana, lakini hewa yenye kuua haionekani wala hainuki, na chumba kikifungwa humwua mtu usingizini.

Tulianza na choroko. Maharage ni mazuri, lakini yataka gesi nyingi, na yale mekundu yasipochemka sawasawa humtapisha mlaji. Choroko hazina taabu hiyo. Zichague mawe, zioshe, ziloweke usiku ulalapo. Asubuhi mwaga maji yale, tia mengine, na kwa muda wa nusu saa hivi zitakuwa zimeiva. Nusu kilo ya choroko kavu humpa mtu mmoja milo sita. Zimimine katika bakuli, kaanga kitunguu na nyanya kwa kijiko kimoja cha mafuta katika sufuria ile ile, kisha zirudishe. Mchicha uliooshwa na kukatwa uutie dakika tano za mwisho. Nazi, kwa aipendaye, itiwe katika sehemu ya kuliwa saa ile tu, maana choroko zenye nazi huchacha upesi.

Ukiisha kupakua, kamua ndimu. Wengi hudhani ndimu ni ya ladha tu, kumbe huusaidia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyomo katika choroko na mchicha, ambayo ndiyo yajengayo damu. Chai hufanya kinyume chake. Basi chai na ingoje saa moja baada ya chakula. Wasichana hasa walishike hili.

Siku ya pili tulipika dagaa. Hawa huliwa na mifupa yao, na humo ndimo yalimo madini ya kuimarisha mifupa yetu. Watoe vichwa, waoshe kwa maji ya moto mpaka mchanga uishe, wakaange wakauke, ndipo utie kitunguu, nyanya na pilipili. Wakiwa wakavu hukaa wiki nyingi katika kopo lililofunikwa, bila friji.

Penye wali ndipo nilipomkemea. Alikuwa na desturi ya kupika wali wa siku mbili na kuuacha sufuriani mezani. Wako vijidudu vya mchele ambavyo mbegu zao hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa katika joto huzaana, hutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto tena. Asiye na friji apike wa mlo mmoja, kikombe cha chai cha mchele kisichojaa.

Aliporudi chuoni mama yake alimfungia kilo mbili za choroko, kopo la dagaa, na ile sufuria niliyomfundishia pamoja na kifuniko chake, maana sufuria isiyo na kifuniko hula gesi. Juma lililopita alinipigia simu kuuliza kama mbaazi nazo hupikwa vivyo hivyo. Nilimwambia ndivyo, ila aziloweke usiku kucha bila kukosa, na azipe muda mrefu zaidi motoni.